Dada Aondoke Kwenye Kamera

Barsha, Dubai
19 Septemba 2020

Dada yangu Tufaha,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima na mguu umepoa. Naiandika kwa mkono kama utakavyo, kisha naipiga picha nikurushie kwenye simu. Ukipigiwa husikilizi, unauliza "mmekula?" mara saba mpaka mtu anasahau alichotaka kusema.

Huku hatujambo. Fawaz kapunguziwa zamu uwanja wa ndege, basi mume wangu yupo nyumbani siku nne kwa wiki na kila siku anagundua kosa jipya katika mchuzi wangu. Ofisi yetu nayo imetuambia tufanyie kazi majumbani. Nana kaingia darasa la nne na kang'oka jino la mbele. Skuli yao ya serikali imefunguliwa, lakini kwa kompyuta tu. Asubuhi anavaa shati la skuli juu na suruali ya kulalia chini, anakaa mezani, ndiyo kenda skuli hiyo.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni.

Wajua Nana haniiti mama. Kajifunza kusema katikati ya mawifi zangu, wote wakiniita dada, na yeye akaniita Dada, na sikumkosoa kwa kuwa Unguja nyumba nyingi zina watoto wa namna hiyo. Basi wiki ya kwanza, somo la Kiarabu, kalamu ikamwangukia. Akaita, na kipaza sauti kiko wazi: "Dada! Kalamu yangu!" Nikaja na kanga yangu kichwani, nikaiokota, nikampa. Mwalimu wake, wanayemwita Abla, akatabasamu akasema kwa Kiarabu, "Ya Nana, mwambie dada aondoke kwenye kamera, tunasoma."

Wallahi nilifurahi. Nilimwambia Fawaz, Abla kajifunza Kiswahili, mwanamke wa heshima huyo. Fawaz hakucheka. Akanambia Abla kwao Misri, na kwao dada ni yaya, mtumishi wa kulea watoto. Hata hivyo nikasema kosa dogo, litapita.

Halikupita. Jana imekuja ripoti: "Mtoto analelewa na mtumishi, Kiarabu cha nyumbani ni dhaifu. Amehamishiwa kundi la msaada." Mtoto aliyekuwa akisoma hadithi nzima sasa anaimbishwa alifu kwa kijiti. Na walio kundi la msaada hawafanyi mtihani wa Machi, na asiyefanya mtihani wa Machi haingii darasa la juu mwakani.

Miye, khadama, mtumishi wa ndani! Fauziya binti Masoud, khadama! Fawaz wanamwona mweupe wanamwita baba wa mtoto bila kuuliza, miye mweusi wananitoa kwenye kamera. Kwetu katoka khadama lini? Wewe dada yangu ulikuwa na duka la vitambaa Maskati wakati huyo Abla anatambaa.

Nambie nifanye nini.

Mdogo wako mwenye hasira,
Fauziya


Mwembetanga, Unguja
28 Septemba 2020

Mdogo wangu Fauziya,

Waleikum salaam. Mguu unaendelea, siku nyingine unanitii, siku nyingine unafanya utakavyo wenyewe. Huku skuli zimefunguliwa tangu Juni. Wanachuo wangu wa Kurani wamerudi wote kumi na wawili, na wamesahau kila kitu isipokuwa kupigana.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mwanzo wote ni Nana, Nana, lakini ulipofika kwenye hasira, jina lake limetoweka na limebaki lako.

Umekasirika kwa lipi? Kwa mtoto kushushwa, au kwa kuitwa khadama? Nijibu hilo kwanza. Na kama kweli ungekuwa khadama, ndiyo Nana asisome?

Mpe salamu Fawaz. Mchuzi wako una chumvi nyingi tangu zamani, hilo hajakosea.

Tufaha


Barsha, Dubai
12 Oktoba 2020

Dada,

Nimepata barua yako fupi yenye kuchoma. Tunashukuru tu wazima, Nana kaanza kuota jino, Fawaz ana mafua ya kawaida ingawa kila akipiga chafya jirani anafunga dirisha.

Nimekasirika kwa yote mawili. Haya, nimekujibu.

Sasa sikiliza nilichokiona. Jumapili nilikaa nyuma ya mlango nikaangalia lile kundi la msaada kwenye kompyuta. Vidirisha sita, watoto sita, na wote weusi. Hakuna hata mmoja mwenye rangi ya Fawaz. Skuli ingekuwa ya kuta nisingeliona hilo mpaka nife. Kompyuta ndiyo iliyowapanga mbele ya macho yangu.

Mmoja ni Zein, mtoto wa ghorofa ya pili hapa hapa kwetu. Mama yake ni nesi, yupo hospitali kutwa, kwa hiyo anayekaa naye kwenye somo ni Mercyline, msichana wa Kenya anayefanya kazi kwao. Nikamkuta kwenye lifti, nikamuuliza kama kaliona hilo. Akanambia, "Madam, mimi niliona kitambo. Na hao watoto wawili weupe wa class yao, si wako na makhadama wao hapo kwa kamera? Mmoja hata anashikiwa maji akunywe. Hao hawajatolewa mahali."

Nilipanda nikafungua darasa lao la zamani kwenye kompyuta, nikahakikisha. Ni kweli. Basi nikashuka tena kumshukuru, nikiwa bado nawaka, nikasema, "Miye si khadama, na nitawaonesha!" Mercyline akanitazama akasema, "Sawa, madam. Lakini mimi ndio khadama, na ndio namfanyia Zein revision. Form Four nilipata A ya hesabu. Kwani tukiwa makhadama akili inabaki airport?" Nikajifanya nimesahau jiko.

Lile la jina nimeshalimaliza nyumbani, halitatokea tena.

Wewe umekaa Maskati miaka minne, ukauza vitambaa, ukazoeana na mabibi wa huko. Nifundishe namna ya kuandika barua itakayosomwa na mudira, mwalimu mkuu wao. Nataka nieleze nyumba tuliyotoka sisi, kwamba kwetu hajatoka mtumishi. Wajua kupamba Kiarabu, miye najua cha sokoni tu.

Nangoja.

Fauziya


Barsha, Dubai
22 Novemba 2020

Dada Tufaha,

Salaam. Wiki ya sita hii. Alama mbili za buluu zinanambia barua yangu uliisoma siku ile ile. Nimemuuliza jirani yako, kasema unatoka, unacheka na watu, unasomesha. Basi si maradhi. Ni miye.

Sijui nimekosea wapi, lakini nakwambia yaliyotokea kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Barua kwa mudira niliiandika mwenyewe. Nilitaja watoto wote sita, nikataja na wale wawili wanaokaa na watumishi wao bila kuguswa. Mudira kanipigia mwenyewe, sauti ya asali. Kasema kumbe mimi ni mama, wamesikitika, Nana atarudishwa darasani kwake Jumapili ijayo. Nikauliza, na hao watano? Akasema kila mtoto ana hali yake. Akaniomba nisiwaandikie tena walimu kwa namna ile.

Fawaz anasema, "Yalla, kubali. Tumepata tulichotaka, khalas. Tusitafute maneno na serikali." Si mtu mbaya, anaogopa. Babake alingoja pasipoti ya nchi hii miaka kumi na tisa. Nimemwambia mudira nitamjibu kabla ya mwezi kwisha, nikaomba muda tena, akanipa.

Na kuna jambo sikukuandikia. Lile la jina nililosema nimelimaliza, nilimwambia Nana asiniite Dada tena mbele ya kompyuta. Nilimwambia aseme Mama, tena kwa sauti. Akaniuliza kwa nini, nikamkaripia. Tangu siku hiyo haniiti kabisa. Akitaka kitu ananyanyua mkono na kungoja nimwone, kama yupo skuli na miye ndiye Abla.

Niandikie, japo ya kunitukana.

Fauziya


Mwembetanga, Unguja
4 Desemba 2020

Fauziya, mdogo wangu,

Waleikum salaam. Mzima. Mguu mzima, wanachuo wazima, paka wa jirani kazaa kabatini kwangu bila ruhusa. Hizo ndizo habari, sasa kaa kitako.

Hapakuwa na duka la vitambaa.

Nilikwenda Maskati mwaka themanini na tisa kufanya kazi ya nyumba. Mama alijua. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, tukaona usijue. Nilifua, nilipika, nililea watoto watatu, na jina langu mle ndani lilikuwa khadama. Hata wageni hawakuuliza jingine. Ile hariri ya kijani ya kwenye barua uliyokuwa ukiwasomea wenzio skuli, ilikuwa pazia la sebuleni kwao. Nililifua kwa mikono, nikaona zuri, nikakuandikia. Vitambaa vyote nilivyokueleza miaka minne ni mapazia na mashuka ya watu.

Kiarabu changu unachokisifu nilikipata vivyo hivyo. Mwalimu wa watoto alikuwa akija nyumbani alasiri, na miye nikikaa nyuma na kapu la nguo, nikikunja polepole ili somo lisinipite. Kanzu moja nilikuwa naikunja mara tano. Yule mwalimu alipoacha kuja kwa ugonjwa, niliwasomesha mimi. Mtoto wa kati alikuwa hasomi mstari, kwangu akasoma kurasa. Alipofaulu, baba yake alimtunza mwalimu saa ya mkono. Miye nikaambiwa nisichanganye sabuni.

Sare zako, madaftari yako, na ile kamusi kubwa uliyokataa kumwazima mtu, vilitoka humo. Umeniita dada maisha yako yote, na nimekuwa dada yako kwa Kiswahili na kwa huko kwao Abla pia.

Nilipoona umeandika kwetu hajatoka mtumishi, na ukanitaka miye nikuandikie maneno hayo kwa Kiarabu kizuri, mkono ulikataa. Niliumia, Fauziya. Nilikaa kimya kwa kuwa nilikuwa na hasira nawe, na nilikuwa na hasira nami, maana kazi ile sikuionea haya, lakini uongo niliulea mwenyewe.

Yamekwisha. Sasa nisikilize kama mkubwa wako. Usikubali Nana arudi peke yake. Akirudi peke yake, maana yake wamekubaliana nawe kuwa kosa ni kudhani wewe ni khadama, na kwamba kwa Zein na Mercyline wake hawakukosea. Watapona kwa barua yako na kuendelea. Wabane hapo hapo. Wapimwe wote sita, kwa kitabu, mbele ya wazazi.

Na huyo mtoto mwache amwite mama yake atakavyo. Hilo la kumfunga mdomo si la Abla, ni lako.

Tufaha, aliyekuwa khadama


Barsha, Dubai
13 Desemba 2020

Dada, Dada, Dada,

Nimelisema mara tatu ili ujue nimesoma.

Barua yako niliisomea jikoni. Wali umeungua wote, Fawaz kaja kuuliza kuna nini, nikampa asome, naye akaisoma kakaa juu ya ndoo ya unga. Nisamehe. Nilijigamba kwa mapazia uliyofua, nikayatumia kukutukana nayo. Naona aibu, na aibu hii ni halali yangu.

Nilikwenda kwa Nana nikamwomba radhi naye pia. Nikamwambia aite kwa sauti atakayo. Kesho yake katikati ya somo nikasikia nyumba nzima inatikisika: "Daaada! Maji!" Nikapeleka maji. Nikasimama mbele ya kamera mpaka akamaliza kunywa.

Mudira nimemjibu hapana. Nimemwambia Nana atabaki na wenzake mpaka wote sita wapimwe. Sauti ya asali ikaisha. Akasema nampotezea mwanangu mwaka kwa ukaidi. Nikamwambia aliyempotezea ni ripoti yake, na ninayo, na wazazi wengine wanne wanazo za kwao zenye maneno yale yale, mpaka nukta. Akakubali watapimwa Machi mwanzoni, kabla ya mtihani. Atakayefaulu atafanya mtihani na wenzake.

Wameshakosa muhula mzima wakiimba alifu. Wamerudi nyuma, kweli. Wanataka mwalimu. Wajua nataka kusema nini.

Fauziya wako


Mwembetanga, Unguja
31 Januari 2021

Mdogo wangu,

Salaam kwa wote, na kwa Fawaz aliyenielekeza kwa mbali kusomesha kwa hiki kijisimu kwa subira ya kitawa.

Wiki ya tano ya masomo, na nina malalamiko. Umeme huku unakatika kila tukifika mahali patamu. Zein anasoma vizuri akiwa amesimama, akikaa anasahau, basi mwambie mama yake amwache asimame. Yule mtoto wa Kikomoro ananisahihisha, na mara mbili alikuwa na haki, nimemchukia kwa mapenzi. Nana anajifanya mkubwa wa darasa. Nimemshusha.

Na huyo Mercyline. Anakaa nyuma ya Zein, nusu yuko nje ya picha, na daftari lake mwenyewe, anaandika kila neno. Anadhani simwoni. Mwambie asogee mbele, akae sawasawa kwenye kamera. Kwangu wanafunzi ni saba.

Imla ndiyo inayonitia wasiwasi. Machi iko karibu, Fauziya, na sitaki kukudanganya tena kwa lolote: wawili hawajawa tayari.

Tufaha


Barsha, Dubai
14 Machi 2021

Dada yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Wote wazima. Fawaz karudishiwa zamu zake, nyumba imepumua.

Wamepimwa. Alikuwepo mudira, Abla, na mwalimu wa kutoka skuli nyingine, na wazazi sote kwenye vidirisha vyetu. Mercyline naye alikaa na Zein, katikati ya picha, kajifunga kitambaa chekundu. Watoto wakasoma mmoja mmoja. Nana kasoma haraka mno kama anakimbizwa, lakini hakukosa. Kati ya sita, watano wamefaulu moja kwa moja. Zein kajikwaa kwenye imla, atapata mwalimu wa ziada siku mbili kwa wiki, ila ndani ya darasa lake, na mtihani atafanya. Hilo nimelikubali, kwa sababu safari hii walimpima yeye mwenyewe.

Yule mwalimu mgeni akauliza kwa furaha, nani kawasomesha? Nana akanyanyuka kwenye kiti, suruali ya kulalia yote nje, akasema, "Mamkubwa wangu Tufaha wa Unguja. Alikuwa khadama Maskati." Abla akazima kamera yake. Miye nililia waziwazi, na sikutoka kwenye picha.

Ungedhani mambo yameisha. Leo skuli imeleta karatasi ya kutia sahihi. Inasema watoto sita waliwekwa kundi la msaada "kutokana na hitilafu ya mfumo wa mtandao," na kwamba mzazi ameridhika na suala limefungwa. Watatu wameshatia sahihi. Siwalaumu, kila mtu na pasipoti yake. Fawaz aliisoma, nikangoja aseme khalas. Akasema, "Hitilafu ya mtandao? Mtandao umewakosea nini?" Akaniletea kalamu.

Sitii sahihi. Nimeandika chini yake kwa Kiarabu, kwa mkono wangu. Picha ya pili ndiyo hiyo. Maana niliyoikusudia ni hii:

"Hapakuwa na hitilafu ya mtandao. Mtandao ulionesha sawasawa mwanamke mweusi akimpa mtoto wake kalamu. Aliyeona mtumishi ni mwalimu, na kwa hilo watoto sita weusi walinyimwa masomo muhula mzima. Sijaridhika. Liandikwe kwa jina lake."

Nikagulie irabu zangu. Sitaki kuwapa hata nukta ya kunishika nayo. Fawaz anasema tunaweza kusumbuliwa, naye hajaniambia niache.

Fauziya


Mwembetanga, Unguja
14 Machi 2021, jioni

Mdogo wangu,

Waleikum salaam, wazima sote. Nimesoma habari za watoto kwa sauti, wanachuo wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani.

Irabu zako ziko sawa. Nimezipitia mara tatu.

Neno moja tu lifute. Umeandika "mtumishi," kwa adabu. Yeye hakuona mtumishi. Andika khadama, kama lilivyokuwa kichwani mwake. Kisha palipobaki nafasi chini ongeza mstari huu, niuone nami kwenye karatasi ya serikali: "Tufaha binti Masoud, khadama, Maskati, 1989 hadi 1993, ndiye mwalimu wa watoto hawa."

Ipeleke leo.

Tufaha